Kidude cheusi cha mjomba na kaseti za kelele: hiyo ni kompyuta kweli?

Swali: "Fundi shikamoo. Mimi niko Lindi, Mtanda. Tumefungua kasha la marehemu mjomba wetu, alisomea Uingereza miaka ya themanini akarudi kufanya uhasibu kwenye mambo ya korosho. Ndani tumekuta kidude cheusi kidogo, vitufe vya mpira, kila kitufe kimejaa maandishi, pembeni vistari vya rangi, pamoja na adapta yake na kaseti za redio kibao. Tumeweka kaseti kwenye redio hakuna wimbo, ni kelele za ajabu tu mpaka bibi akasema zimeni hiyo. Moja kaandika kwa mkono KOROSHO 84. Binamu anasema ni kompyuta, wengine tunabisha. Ni kompyuta kweli? Programu zake ziko wapi? Na tukiichomeka itawaka?"

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Kabla sijaenda mbali: MSIICHOMEKE. Ntaeleza huko chini kwa nini, ila kama hapo nyumbani kuna mtu ameshaenda kutafuta adapta ya king'amuzi ili ajaribu, mwambieni atulie kwanza.

Sasa, binamu kashinda. Hiyo ni kompyuta, tena nzima, siyo kibodi ya kompyuta fulani iliyopotea. Kwa hayo maelezo ya vitufe vya mpira na vile vistari (vipo kona ya kulia chini, nyekundu njano kijani na bluu ya maji, sivyo?) hiyo ni Sinclair ZX Spectrum. Ilitoka Uingereza Aprili 1982, zikiundwa kiwandani kwa Timex, Dundee kule Scotland, na ilikuwa ya aina mbili, ya memori 16K (yaani kilobaiti 16) iliuzwa pauni 125 na ya 48K pauni 175. Kwa wakati huo hiyo ilikuwa bei ya chee. BBC Micro, ambayo ndo ilijaa mashule ya kwao, ilikuwa mara mbili ya hapo na zaidi, na IBM PC iliyotoka mwaka mmoja kabla ilikuwa mambo ya makampuni. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kiafrika anayebana posho, Spectrum ndo aliyokuwa anaweza kununua na ikaingia kwenye begi la mkononi.

Ila hebu fikiria huyo mjomba anarudi nayo huku Kusini. Hapo ndo raha ya hii stori ilipo. Kompyuta za nyumbani za enzi zile karibu zote zilikuwa hazina skrini yake, unachomeka waya kwenye TV ya sebuleni, kwenye tundu la antena, unatafuta chaneli 36 ya UHF mpaka picha inatokea. Haya, Lindi ya 1984 TV iko wapi? Bara hakukuwa na stesheni ya televisheni hata moja mpaka 1994, Zanzibar ndo walikuwa nayo tangu miaka ya sabini. Aliyekuwa na TV huku kwetu alikuwa nayo kwa ajili ya deki, kuangalia video za Kihindi na karate. Afu kumbuka tangu 1974 serikali ilikuwa imezuia kuingiza kompyuta nchini, masharti yakaja kulegea baadaye kidogokidogo, sasa yake ilipitaje hapo bandarini hayo tumwachie mwenyewe. Na umeme wenyewe wa huku ulikuwa wa majenereta ya dizeli. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, mwaka uleule Spectrum imeingia madukani, lakini kuja kuwasha taa za Mtwara ni miaka ya 2000 huko. Ndo maana nasema "kompyuta ya nyumbani" kwa Kusini lilikuwa jina tu, mtu aliyeweza kuitumia kwake alikuwa kapanga mambo mengi sana yakae sawa kwa saa moja, TV ipo, umeme upo, redio kaseti ipo, na watoto hawataki kuangalia deki.

Tuje kwenye programu, maana hapo ndo umeuliza vizuri. Programu zake ziko sehemu mbili.

Ya kwanza iko ndani ya chipu, haifutiki, ukubwa wake ni 16K, na hiyo ndo BASIC, lugha ya kuandikia programu, pamoja na kila kitu kinachoiendesha hiyo mashine. Ukiwasha hakuna kusubiri, baada ya sekunde chache skrini inakuwa nyeupe, chini kimeandikwa © 1982 Sinclair Research Ltd, basi. Hamna aikoni, hamna mausi, hamna menyu. Ukibonyeza ENTER unaona herufi K inawakawaka, maana yake inakungoja wewe uiambie kitu. Vijana wa sasa ukiwawekea hapo wanauliza "sasa inafanya nini?" na jibu ni kwamba haifanyi chochote mpaka uandike. Mi naona hilo ndo jambo kubwa kwenye zile mashine. Mtu ilimlazimu ajue walau programu ya mistari mitatu minne, hata kama alinunua kwa ajili ya gemu tu.

Yale maandishi mliyoyaona yamejaa kwenye vitufe ndo maneno ya hiyo lugha. Ukiwa kwenye K ukabonyeza P haitokei herufi p, linatokea neno zima PRINT. J inatoa LOAD, S inatoa SAVE. Wengi waliichukia hiyo, vidole vinapotea kabisa mpaka uzoee, lakini ilikuwa na akili yake, kila neno linakaa kwenye memori kama baiti moja tu (nafasi ya herufi moja) badala ya tano au sita. Na memori ndo ilikuwa shida ya dunia nzima.

Hebu tuipime. Picha moja ya harusi uliyotumiwa WhatsApp mara nyingi inazidi kilobaiti 100. Kompyuta nzima ya mjomba, tuseme ni ile kubwa, ina 48, yaani picha moja haiingii hata ufute kila kitu kilichomo. Tena hizo 48 siyo zote zako, skrini peke yake inakula baiti 6,912, na mashine nayo ina mahitaji yake, unabakiwa na 40 na kitu. Hiyo 6,912 inatoka wapi: nukta za skrini ni 256 kwa 192, kila nukta inawaka au haiwaki, hizo ni baiti 6,144. Rangi zimepewa baiti 768 zilizobaki, na ili zitoshe wakaigawa skrini kwenye viboksi vya nukta 8 kwa 8, kila kiboksi rangi mbili tu, ya mbele na ya nyuma. Ndo maana kwenye gemu za Spectrum mtu mweupe akipita mbele ya mti wa kijani, mti unageuka mweupe au yeye anageuka kijani. Siyo ubovu, ni ubahili wa memori.

Na ubahili huo ulizaa mafundi wa hatari. Kwenye ndugu yake mdogo, ZX81 ya 1981 iliyokuwa na memori 1K tu, jamaa anaitwa David Horne aliandika programu inayocheza chesi na wewe ndani ya baiti 672. Ina mapungufu, mfalme hawezi kujificha na ngome na vitu kama hivyo, lakini inacheza! Halafu 1984 vijana wawili wa Cambridge, David Braben na Ian Bell, wakatoa Elite kwenye BBC Micro yenye 32K, unaendesha chombo angani, unanunua bidhaa sayari hii unauza ile, galaksi 8 zenye sayari 256 kila moja. Sayari zaidi ya 2,000 zenye majina na bei zake, zimekaa wapi? Hazijakaa popote. Kuna namba chache tu za mwanzo na hesabu moja inayozizungusha, ukifika sayari fulani mashine inaihesabu upya palepale, na kila mara inatoka ileile. Nikilinganisha na programu za simu za leo zinazotaka megabaiti 300 ili zikuonyeshe salio, nacheka mwenyewe.

Sehemu ya pili ya programu ndo hizo kaseti. Ukizima Spectrum kila ulichoandika kinapotea, hakuna diski ndani, kwa hiyo kila kitu kilitunzwa kwenye kaseti za kawaida kwa redio kaseti ya kawaida. Zile kelele zilizomkera bibi ndo programu yenyewe, imegeuzwa sauti. Mkisikiliza vizuri (kwa sauti ya chini, mumhurumie) mtasikia mpangilio wake: kwanza mlio mmoja ulionyooka piiiiiii wa sekunde tano hivi, afu kikelele kifupi sana krr, kimya kidogo, mlio ulionyooka tena sekunde mbili, ndo inakuja kelele ndefu kama kukaanga samaki. Ule mlio ulionyooka unaiandaa mashine, kikelele kifupi ni jina la faili na ukubwa wake, kelele ndefu ndo mzigo. Kwenye TV pembeni mwa skrini inacheza mistari, myekundu na bluu ya maji wakati wa piii, ya bluu na njano wakati wa mzigo, na jina linatokea, "Program:" halafu jina alilolipa. Spidi yake wastani biti 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo gemu linalojaza memori yote ni dakika nne mpaka tano umekaa unaangalia mistari. Afu dakika ya mwisho kabisa linakuja "R Tape loading error", rudisha kaseti nyuma anza upya. Wenyewe walikuwa wanachezea voliumu, wanachukua bisibisi ndogo wanakaza skrubu ya hedi (kile kichuma kinachogusa utepe), yaani kila mtu alikuwa na ufundi wake na hakuna aliyeamini wa mwenzie.

Kwa kuwa programu ilikuwa sauti, kuna watu waliirusha redioni. Uholanzi shirika la utangazaji NOS walikuwa wanatangaza programu hewani, unarekodi kwenye kaseti kisha unailisha kompyuta yako. Na asiyekuwa na hela ya kaseti alinunua gazeti la kompyuta lenye programu imechapwa, anaiandika mwenyewe mstari kwa mstari, kurasa nzima, nukta ikikosewa haiendi. Sasa ufanye hivyo Lindi saa mbili usiku, umebakiza mistari kumi, umeme huo, kwaheri.

Watu wazima wa Mtwara na Lindi ukiwauliza kompyuta ya kwanza waliyoiona wengi hawatakutajia ya namna hii. Watakutajia zile PC za ofisini, za miradi na za misheni, zenye flopi (diski za kuchomeka) laini za inchi tano na robo, skrini nyeusi maandishi ya kijani. Hizo ni habari nyingine kabisa: programu za kuandikia kama WordStar ya kusevu kwa Ctrl K kisha D, WordPerfect 5.1 ya skrini ya bluu ambayo ukisahau F7 hutoki humo mpaka asubuhi, Lotus 1-2-3 ya mahesabu, ya kuanzia na mkwaju, dBASE ya kutunza kumbukumbu. Kitu kimoja tu ntakitaja hapo kwa sababu naona kinasahaulika: mitihani ya shule. Unatoa utepe wa wino kwenye printa ya pini, aina ya Epson LX-800, unapitisha stensili (karatasi ya nta ya kudurufia) badala ya karatasi, pini zinatoboa herufi zenyewe, unaipeleka stensili kwenye mashine ya kudurufu. Kompyuta ya kisasa inamtumikia mdurufu wa kuzungusha kwa mkono, na kazi inatoka safi kuliko taipureta.

Turudi kwa mjomba. KOROSHO 84 kwa mwandiko wake siyo gemu la dukani, hiyo karibu hakika ni programu aliyoiandika mwenyewe, mhasibu wa korosho anaandika kitu gani kingine. Inaweza kuwa fupi tu, kilo ngapi, daraja gani, bei, makato, jumla. Kwa BASIC hiyo ni kama hivi: 10 INPUT "Kilo? ";k halafu 20 INPUT "Bei? ";b halafu 30 PRINT k*b, unaendelea kuijenga hapo. Na wewe mwenyewe unajua huku kwetu mjomba ni nani, kwa hiyo kwangu mimi hizo kaseti ndo mali, kidude kinafuata. Spectrum zilitengenezwa mamilioni, nyingine zinapatikana mpaka leo. KOROSHO 84 iko moja duniani.

Sasa kuwasha. Adapta yake inatakiwa iandikwe 9V DC 1.4A, na angalia hapa: kwenye pini yake hasi iko KATIKATI na chanya iko nje. Adapta nyingi za leo ni kinyume, chanya katikati. Ndo maana nimesema msiichomeke, hiyo ya king'amuzi inaingia vizuri kabisa na inaunguza vizuri kabisa. Hata ile adapta yake halisi isiaminiwe, ina miaka arobaini, ipimwe kwa mita kwanza. Ndani ya mashine kuna chipu 8 za memori zinazotaka voliti tatu tofauti, 5, 12 na hasi 5, na sakiti ndogo inayotengeneza hizo voliti ikisumbua chipu zinakufa nayo. Kapasita zake nazo zimekauka, na kwa hewa hii ya bahari lazima kuna kutu kwenye ile sehemu ya nyuma ya shaba iliyo wazi. Msiifungue wenyewe pia. Kibodi imeungwa kwa tepe mbili nyembamba za plastiki ambazo zikizeeka zinakuwa kama biskuti, ukinyanyua mfuniko kwa haraka zimekatika. Fundi anayejua atabadilisha kapasita, atatoa waya wa picha moja kwa moja uende AV ya TV badala ya kutafuta chaneli 36. Ikishawaka, kujua kama ni ya 16K au 48K aandike PRINT PEEK 23732+256*PEEK 23733, ikijibu 65535 ni 48K, ikijibu 32767 ni 16K.

Lakini kwa kaseti hamuhitaji hata kuiwasha. Acheni kuzicheza kwenye redio yoyote tu. Chungulieni kwanza kwenye kidirisha cha kaseti, kama kingo za utepe zina unga mweupe hiyo ni ukungu, unyevu wa Lindi huo, iwekeni pembeni hiyo msiizungushe, ikipita kwenye hedi inachafua hedi na inaambukiza nyingine. Zilizo safi tafuteni redio kaseti nzima, pamba na spirit mfute hedi, halafu kaseti izungushwe mbele mpaka mwisho na irudishwe nyuma mara moja ili ilegee. Kisha waya kutoka tundu la hedifoni kwenda laptop, mrekodi kwa Audacity (programu ya bure ya kurekodi sauti), mono, 44,100, faili la WAV. Siyo MP3. Na msiguse kitufe cha kuondoa kelele, maana hapo kelele ndo data. Voliumu iwe ya kati, mawimbi yasigonge juu.

Kuna programu ya bure inaitwa Fuse, inaigiza Spectrum kwenye laptop, na haina shida ya haki kwa sababu Amstrad, kampuni iliyonunua biashara ya kompyuta za Sinclair 1986, waliruhusu ile BASIC ya ndani isambazwe kwa kazi hiyo. Sauti inageuzwa faili la TZX, aina ya faili la kutunzia kaseti za Spectrum, unaifungua humo. Hapa kuna ujanja ambao binamu hataupata kwa kubahatisha. Usianze na LOAD "", anza na MERGE "", kwa sababu wengi waliseti programu ijiwashe yenyewe ikishapakia, na MERGE inaizuia isijiwashe. Ikimaliza andika LIST, mtaona mistari ya mjomba kama alivyoiandika. Halafu usiandike RUN. Kwenye Spectrum ukisevu programu, namba zilizokuwa kwenye memori muda huo zinasevika pamoja nayo, na RUN inazifuta zote kabla haijaanza. Kama mjomba aliacha hesabu za msimu humo, andika GO TO na namba ya mstari wa kwanza, zitabaki. Na kama wakati wa kupakia inatokea "Number array:" badala ya "Program:", hiyo ni orodha ya namba alizozisevu peke yake, hapo niiteni.

Kama laptop hakuna hapo, rekodini kwa namna yoyote ile KOROSHO 84 upande wa kwanza, kwa waya lakini, siyo kuweka simu mbele ya spika, mnitumie WhatsApp. Itumeni kama dokyumenti, siyo voisi noti, voisi noti inabana sauti na kule kubanwa ndo data inapopotea.